Kabla hujatuma makala, uliza nani atalipa

Kusi ikishatulia, huku Malindi huja vijana wapya: hawa kupima samaki wanaoshushwa ufuoni, wale kuhesabu ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wote huniuliza jarida gani la kisayansi lina jina, walipelekee makala ya utafiti wao. Nami huwauliza, una pesa ngapi?

Makala yangu ya kwanza ilipokubaliwa tulichinja kuku. Wiki haijaisha, ikaja ankara ya zaidi ya dola 2,000, ada ya kuchapishiwa. Nikadhani ni matapeli. Kumbe jarida ni la chama halali cha wanasayansi, na ada ilikuwa imeandikwa wazi. Mimi ndiye sikusoma. Kuomba kusamehewa ada, nikajibiwa kwamba ombi huletwa pamoja na muswada, si baada ya kukubaliwa. Nikaiondoa makala. Mwaka mzima ukaenda na maji.

Kazi hii ya kuchapisha majarida ilianzwa na vyama vya wataalamu wenyewe; jarida la Royal Society ya London latoka tangu 1665. Kwa miaka mingi maktaba za vyuo zililipa ada ya mwaka ili kuyapata, na kilichobaki baada ya kuchapa ndicho kilichogharimia mikutano, misaada ya wanafunzi, hata mshahara wa karani. Mwandishi mara nyingi hakudaiwa kitu, ila msomaji wa Malindi asiyelipa naye alikuta mlango umefungwa. Mwaka 2018 baadhi ya wafadhili wa utafiti, wengi wao wa Ulaya, wakatangaza Plan S, mpango ulioanza kutumika 2021: tafiti wanazozilipia zisomwe na yeyote bure. Neema hiyo, lakini katika majarida mengi bili imemgeukia mwandishi, sawa na mvuvi kulipa ndipo samaki wake aliwe. Jarida maarufu la Nature lilipofungua njia hiyo 2021, ada ilikuwa euro 9,500!

Vyama vidogo navyo vimebanwa. Mapato yakitegemea idadi ya makala, chama kinachotoa thelathini kwa mwaka kitapambana vipi na kampuni yenye majarida elfu mbili? Ndiyo maana vingi vimekabidhi majarida yao kwa wachapishaji wakubwa kama Wiley, Elsevier au Oxford University Press, wagawane mapato. Sivilaumu, ingawa tajiri akishika mizani, bei huipanga yeye.

Basi anzeni karibu. WIOMSA, chama chenye makao Zanzibar, kina jarida la sayansi ya bahari yetu hii. Wa ndege na misitu, kuna jarida la East Africa Natural History Society, chama cha tangu 1909. Mkienda mbali, someni orodha ya nchi zinazopunguziwa ada: kwa wachapishaji wengi kundi moja husamehewa yote, jingine nusu, na orodha hubadilika. Ulizeni pia kama mwaruhusiwa kuweka muswada wenu uliokubaliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo; majarida mengi huruhusu, bila ada.

Barua ya kuomba msamaha wa ada iandikeni siku ileile ya kutuma. Yangu ya mara ya pili, iliyokubaliwa, bado ninayo. Anayetaka nakala apite kwangu baada ya magharibi.