Shairi Lisilohesabika kwa Vidole: Barua ya Mwalimu wa Mpwapwa Kuhusu Kezilahabi

SWALI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimkumbuke mwandishi niliyemchelewea. Profesa Euphrase Kezilahabi alifariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 75, na siku hiyo mimi, niliyekuwa nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, nilikuwa sijamaliza hata kitabu chake kimoja. Sababu yake naona haya kuieleza. Nililelewa na ngonjera za Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo. Tukiwa wadogo tulisimamishwa safu mbili tukijibizana, kila ubeti ukifungwa kwa kina chake, mpaka sikio langu likasadiki kwamba shairi lisilo na vina na mizani ni maneno yaliyokatwakatwa tu. Nilipofungua Kichomi, diwani ya mashairi ya Kezilahabi, nikiwa chuoni, nilihesabu mizani ya mishororo ya mwanzo kwa vidole, hesabu ikakataa, nikakifunga.

Baada ya msiba ule, mwalimu mwenzangu aliniazima riwaya yake Gamba la Nyoka. Nilikisoma kwa sauti uani wakati wa jioni, huku baba yangu akimenya karanga za mbegu. Nilipofika kwa wanakijiji wanaokataa kuhamia kijiji cha ujamaa, baba aliacha kumenya. Alisema kwamba wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, mwaka 1971, familia yake iliacha tembe, yaani nyumba ya udongo, la babu na kuondoka na nguzo zake tu, kwa kuwa miti mizuri ya kujengea ilikuwa adimu, na kwamba tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari hizo. Tuliendelea kusoma hadi mbu walipotufukuza ndani.

Sasa nimesoma riwaya zake zote isipokuwa mbili za mwisho, Nagona na Mzingile. Nagona nimeianza mara tatu na mara tatu imenishinda. Je, ni haki kumwita mshairi mtu aliyeviacha vina na mizani? Na hiyo Nagona, mtu aisomeje?

Mwalimu, Mpwapwa

JIBU

Mwalimu, pole kwa kuchelewa, na salamu zetu zimfikie mzee.

Swali lako la kwanza limewagombanisha watu tangu Kichomi kilipotoka mwaka 1974. Wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za kale za ushairi, walishikilia kwamba vina na mizani ndivyo vinavyolitenga shairi la Kiswahili na maneno mengine. Kezilahabi, pamoja na wenzake kama Ebrahim Hussein, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliona kwamba ushairi unaweza kusimama juu ya taswira, mawazo na mapigo ya usemi wa kawaida. Mnyampala hakuushuhudia ugomvi huo, kwa kuwa alifariki mwaka 1969. Hata hivyo, ngonjera unazozitetea kama urithi wa kale zilikuwa jambo jipya katika miaka ya 1960, na aliyezipa umbo hilo la mashairi ya kujibizana jukwaani ni huyohuyo Mnyampala. Yeye na Kezilahabi wote wawili walikuwa watu wa bara, mmoja Mgogo na mwingine Mkerewe, waliokipokea Kiswahili juu ya lugha za nyumbani kwao, na kila mmoja akakiongezea mlango. Kwa hiyo ndiyo, Kezilahabi alikuwa mshairi, na sisi tungethubutu kusema kwamba alikuwa mshairi kwanza, hata pale alipoandika riwaya.

Aliandika karibu kila aina ya fasihi: riwaya sita, diwani tatu, hadithi fupi na tamthilia. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa sababu ilieleza waziwazi jinsi wasichana wanavyoharibiwa na watu wazima wanaopaswa kuwalinda. Kaptula la Marx, tamthilia inayomvika rais kaptula kubwa kuliko kiuno chake, iliandikwa katika miaka ya 1970 lakini haikuchapishwa hadi 1999. Nayo Gamba la Nyoka, iliyomfanya baba yako aache karanga, ilitoka mwaka 1979, wakati vumbi la kuhamia vijijini lilikuwa halijatulia. Kuandika hivyo wakati ule, tena ukiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulihitaji moyo.

Tuje kwenye Nagona. Kezilahabi alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na riwaya mbili zilizofuata, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, hazina kijiji cha Ukerewe, kisiwa cha kwao, unachoweza kukionyesha kwenye ramani, wala mtiririko wa matukio wa kuushika mkononi. Msimulizi anasafiri katika nchi isiyojulikana akiutafuta ukweli, na mambo yanamtokea kama yanavyotokea ndotoni. Tunashuku, Mwalimu, kwamba umerudia kosa la chuoni: zamani ulihesabu mizani, safari hii unahesabu matukio, na hesabu inakataa tena. Kitabu chenyewe ni chembamba, hakifiki kurasa mia, na kinasomeka vizuri zaidi mtu akikichukulia kama shairi refu lililoandikwa kwa nathari.

Tunachokushauri ni kuanza na Karibu Ndani, diwani yake ya mwaka 1988, kwa kuwa iliitangulia Nagona kwa miaka miwili tu na taswira zake zitakuzoesha hewa ya riwaya ile. Soma shairi moja kwa siku, si zaidi, na uhesabu pumzi badala ya mizani. Kisha isome Nagona kwa mkao mmoja, au miwili ukichoka, bila kurudi nyuma kutafuta ulichokikosa. Mzingile ifuate mara moja, kabla Nagona haijapoa.

Na kwa kuwa mbinu ya uani imekwisha kukufaa, isome huko huko, kwa sauti, mzee akiwa na ungo wake. Akiacha tena kumenya karanga, tafadhali tuandikie ilikuwa ukurasa wa ngapi.

Mhariri