Treni imenifanya nisihamie Dodoma

Wiki hii mmeuliza treni ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma imetubadilishia nini. Mimi imenifanya nisihamie Dodoma.

Ni mtumishi wa umma. Wizara yetu ilifungasha baada ya Rais Magufuli kutangaza, Julai 2016, kwamba serikali yote inahamia makao makuu. Uamuzi wenyewe TANU iliupitisha 1973, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ameshtukizwa. Familia ikabaki Tabata. Enzi za basi nilikuwa nawaona mwisho wa mwezi tu, maana safari na foleni za kuingia mjini zilimaliza Jumamosi nzima. Mke wangu alishaanza kuulizia shule za Dodoma, nami nikanunua kiwanja Iyumbu.

Mwishoni mwa Julai 2024 treni ikaanza kufika Dodoma. Sasa inakwenda kila siku, na ile ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Ijumaa natoka kazini na usiku huohuo nalala kwangu. Jumapili jioni narudi. Habari za shule zimekufa kimyakimya.

Na siko peke yangu. Tiketi ya Ijumaa jioni ikate mtandaoni mapema, ukingoja siku yenyewe utarudi kwenye basi. Behewani nakuta nusu ya ofisi, kuanzia mkurugenzi hadi katibu muhtasi. Maneno ya kazi huisha kabla ya Gulwe, na tukiingia kwenye mahandaki ya Kilosa wengi wameshalala. Mama lishe wa jirani na ofisi yetu ameacha kupika Ijumaa jioni. Mwenye nyumba wangu analalamika kwamba wapangaji wa siku hizi hawanunui hata jiko.

Siibezi reli. Mjerumani aliianza ya kwake Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na kwa miongo mingi ndiyo tuliyoitegemea. Leo treni inafika kilomita 160 kwa saa. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili na mwanafunzi wa UDOM wanaijua thamani yake kuliko mimi. Ila anayeitaja kama ushahidi kwamba serikali imehamia, aje stesheni ya Dodoma Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mke wangu ana duka Kariakoo, na wateja wake wako hukohuko. Mpaka Dodoma iwe na kazi za wenza wetu, na si za kwetu tu, treni itazidi kuturudisha.

Kiwanja nakiuza. Aliyekuja kukiona ni fundi umeme, mzaliwa wa Dodoma, na anataka kumwaga msingi kabla ya mvua.