Leza baridi kwa maumivu: uliza haya kabla hujalipa

Wateja wangu wakiona siku hizi nainama kwenye cherehani bila kushikilia shingo, huniuliza: ile taa ya kutibu maumivu, leza baridi, inafanya kazi kweli? Huwa nawajibu kwamba inasaidia baadhi ya maumivu, ikipigwa kwa kipimo sahihi na mtu aliyesomea, na ikienda pamoja na mazoezi. Nawasihi pia wasitoe hela yoyote kabla hawajajua hasa kinachowauma.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Moshi. Anayeijua Moshi anaijua Desemba yetu: watu wanapanda kutoka Dar na Mwanza kuja kula Krismasi nyumbani, kila ukoo unataka vitenge vya kufanana, na hujapumua sare za shule za Januari zimeshaingia. Shingo yangu ilianza kukaza katika msimu kama huo. Maumivu yalitoka chini ya kisogo yakashuka hadi bega la kulia, nikawa siwezi kuangalia kama bodaboda inakuja bila kugeuza mwili mzima. Vidonge vya diklofenaki vilinipa nafuu, lakini tumbo likaanza kuwaka moto na daktari akanizuia kuendelea navyo. Ndipo nikapelekwa fiziotherapia.

Hakuna aliyenigusa na leza kabla sijapimwa. Daktari alijaribu nguvu za mikono yangu mmoja mmoja, akagonga viwiko kwa nyundo ndogo, akauliza kama vidole vinapata ganzi, kama nakohoa, kama natoka jasho usiku, kama nguo zimeanza kunipwaya. Maswali hayo yana sababu. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo na dalili yake ikawa maumivu tu kwa muda mrefu. Saratani nayo inaweza kuanza kujionyesha hivyo hivyo. Ukiwa na homa, umepungua uzito bila sababu, maumivu yanakuamsha usiku, mkono au mguu unalegea, au umeshindwa kuzuia mkojo, usiende kutafuta leza. Nenda hospitali leo. Nafuu kidogo ya juu juu inaweza kukupotezea miezi ambayo ungeitumia kutibiwa.

Sasa, ni kitu gani hiki? Leza ya upasuaji inakata na kuunguza. Hii ya maumivu ina nguvu ndogo, kwa kawaida haizidi miliwati 500, na inatumia mwanga mwekundu au ule ulio karibu na wekundu ambao jicho halioni, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 600 hadi 1,000. Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, aliwamulika panya walionyolewa manyoya kwa leza dhaifu, akaona manyoya yanaota haraka zaidi mahali palipomulikwa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakifuatilia mwanga huu unafanya nini mwilini. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba unafyonzwa na kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, pale seli inapotengenezea nishati yake, na hilo linaweza kutuliza uvimbe na kupunguza mishipa ya fahamu inavyopeleka taarifa za maumivu.

Ukiwa kitandani yenyewe wala haitishi. Kijana aliyenihudumia alianza kwa kunifuta shingo kwa pamba yenye spiriti.

"Mama, umepaka nini leo?"

"Dawa ya kuchua, daktari. Usiku ilinikamata sana."

"Kesho kutwa usipake. Inakaa katikati ya mwanga na ngozi, halafu ngozi ikipata joto inaweza kukuwasha."

Akanivalisha miwani ya kinga, na yeye akavaa yake. Kisha akaanza kunibonyeza kwa dole gumba, polepole, kando ya uti wa shingo na juu ya bega, hadi nikaruka. Hapo hapo akasimamisha kile kichwa cha mashine wima, akakikandamiza kwenye ngozi, akatulia mpaka kikalia. Akasogea sehemu nyingine. Nilichohisi ni ubaridi wa chuma tu, na mgandamizo. Sikuona mwanga wowote, kwa sababu yake ilikuwa ile isiyoonekana. Nashauri uangalie jambo hili kwa makini: anayepitisha mashine haraka haraka juu ya blauzi, huku akichati na simu, hakupi tiba. Nguo inazuia mwanga. Na asiyekupa miwani mwondokee, kwa sababu leza ya nguvu hiyo ikiingia jichoni inaweza kuharibu retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, hata kama huoni kitu chochote kinachowaka.

Baada ya hapo tulifanya mazoezi marefu kuliko leza yenyewe: kuvuta kidevu nyuma, kuimarisha misuli iliyo kati ya mabega, kurekebisha kimo cha kiti changu cha kazini. Nafuu ilikuja taratibu. Sitasema ni leza peke yake iliyonitoa, maana niliinua kiti na kuanza kusimama kila nimalizapo kushona kipande, na hayo najua yamenisaidia mno.

Utafiti nao unasema nini? Kwa shingo hali ni nzuri kiasi. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 16 yenye wagonjwa 820, na ukaonyesha maumivu yalipungua. Kwa wale wa maumivu sugu nafuu iliendelea hadi wiki 22 baada ya tiba kuisha. Kwa kiuno ushahidi ni dhaifu. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja leza mwaka 2017 kati ya njia zisizo za dawa zinazoweza kujaribiwa kwa kiuno sugu, lakini chenyewe kikaeleza kuwa ushahidi wake ni wa kiwango cha chini.

Goti ndilo lenye mvutano, na hapa kwetu magoti ni habari kubwa. Kuna wapagazi wanaoshuka Mlima Kilimanjaro na mizigo msimu baada ya msimu, kuna mama zetu waliobeba ndizi kichwani kutoka Kibosho na Marangu tangu usichana. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliochapishwa katika jarida la BMJ Open ulikuta kwamba kwenye goti lililosagika leza ilipunguza maumivu pale dozi iliyopendekezwa ilipotumika. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilisema leza isitolewe kwa ugonjwa huo kwa sababu ushahidi hautoshi. Mama yangu mzazi ana magoti ya namna hiyo. Nilipomwuliza mtaalamu wetu, alinishauri hela tuitumie kwanza kwenye mazoezi ya paja na fimbo nzuri, na kwamba leza tungeiongeza baadaye tukiona inafaa. Nakubaliana naye kabisa. Mama sasa anafanya mazoezi yake akiwa amekaa kitini, asubuhi kabla hajakoka moto, na ngazi za kanisani anapanda mwenyewe.

Suala la dozi ndilo ningependa kila mgonjwa alielewe. Mwanga huu unapimwa kwa juli, yaani kipimo cha nishati. Ukiwa mdogo mno haufanyi kitu, na ukizidi unaweza kupunguza faida badala ya kuongeza. Kuzidisha hapa hakusaidii, kama vile kumwagia mche maji kupita kiasi. Ndiyo maana una haki ya kuuliza: mashine yako ina nanomita ngapi, unanipa juli ngapi kila sehemu, sehemu ngapi, na tutarudia mara ngapi kwa wiki? Mtaalamu aliyesoma atakujibu bila kukunja uso, na ataandika kwenye faili lako. Ratiba ya kawaida ni mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Kisha kuna ngozi yetu. Melanini inafyonza mwanga, hivyo ngozi nyeusi hupata joto zaidi, hasa kwa mwanga mwekundu na kwa zile mashine kubwa zinazozidi miliwati 500, ambazo zinaweza kuunguza. Mtoa tiba anatakiwa azingatie hilo na apunguze nguvu inapobidi. Ukihisi inachoma, usivumilie kwa heshima. Sema "inachoma, daktari," na atoe mashine.

Wapo wasiopaswa kupigwa kabisa sehemu fulani: juu ya uvimbe wa saratani au unaoshukiwa kuwa saratani, juu ya tumbo la mjamzito, juu ya tezi iliyo mbele ya shingo, na kwenye macho. Ukitumia dawa zinazofanya ngozi iogope jua, kama doksisaiklini ambayo wengi wetu tunaandikiwa, sema kabla hujalala kitandani. Mimi hubeba pakiti zenyewe kwenye mkoba, maana majina ya dawa yanasahaulika.

Linaloniumiza ni wanaouza mwanga huu kama dawa ya kila kitu. Nilialikwa kwenye semina ya afya huko Arusha ambako kifaa cha kufunga mkononi kilinadiwa kuwa kinaponya sukari, presha, tezi dume na nguvu za kiume kwa pamoja. Bibi mmoja pembeni yangu alikuwa anahesabu noti zake kwenye kitambaa. Nilimwomba, "Shikamoo bibi, kamwulize kwanza daktari wako wa presha, na dawa zako usiziache." Alizirudisha noti kifuani. Ukiambiwa uache dawa za sukari au presha kwa sababu umenunua taa, ujue maisha yako yanachezewa.

Kabla hujaanza, ulizia gharama ya mzunguko wote na si ya siku moja, na kama una bima, ulizia dirishani kama leza imo, maana fiziotherapia inaweza kulipiwa na leza isilipiwe. Kubalianeni pia na mtoa tiba ni kitu gani mtakipima: kugeuza shingo, kulala usiku mzima, kupanda ngazi. Mkifika nusu ya ratiba na hicho kitu hakijasogea, mwombe akupime upya au akuandikie rufaa. Zile siku zilizobaki usizilipie.