Barua kwa mwanangu aliyeulizwa kama atawekewa chipu kazini

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatano, nami nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na shangazi yako hapa uani. Unasema kwamba kampuni iliyokuajiri huko Stockholm imewatangazia wafanyakazi wake kuwa anayetaka atawekewa chipu ndogo mkononi bila malipo, aitumie kufungua milango, kuwasha mashine ya kuchapisha na kulipia chai, na kwamba wenzako wengi wameliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa, ilhali ndugu zako wa huku ulipowaeleza kwenye simu walishtuka kana kwamba umepatwa na msiba. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini watu wanaliogopa jambo hili kiasi hicho, na kama mimi baba yako ningekubali.

La pili nalijibu kwanza. Nisingekubali, na ningependa nawe ukatae. Lakini sitaki ukatae kwa sababu isiyo ya kweli, maana mtu akisimama juu ya hoja dhaifu, siku hoja hiyo itakapovunjwa mbele yake huona haya na kukubali hata asichokitaka.

Basi nianze na chipu yenyewe. Kwa ukubwa inakaribia punje ya mchele, imefungwa ndani ya kioo, na huingizwa kwa sindano nene katika nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Haina betri. Hulala kimya mpaka mkono usogezwe karibu na kifaa cha kuisoma, sentimita chache tu, na mawimbi ya kifaa hicho ndiyo yanayoipa nguvu ya kutoa namba yake. Ni teknolojia ya ukoo mmoja na ile iliyomo ndani ya kadi yako ya benki. Haizungumzi na setilaiti wala haijui uko mtaa gani, kwa hiyo wanaosema kwamba utaonekana kutoka angani popote uendapo wamekosea. Simu uliyo nayo mfukoni inajua safari zako zaidi ya chipu hiyo mara nyingi.

Shangazi yako ana hofu nyingine. Yeye alifungua Ufunuo, sura ya 13, akanisomea habari za chapa ya mkononi ambayo asiye nayo hataweza kununua wala kuuza. Wewe hukuwapo hapa mwaka 2019 wakati serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho ya kila mtu, lakini maneno hayohayo yalisemwa makanisani na sokoni, na wako waliokataa kujiandikisha kwa sababu hiyo. Mimi siamini kwamba chipu hii ndiyo chapa ile. Hata hivyo sitamcheka mtu anayesoma kwamba kitu kimetiwa mkononi na kinatumika kununulia vitu, kisha moyo wake ukaenda moja kwa moja kwenye aya hiyo. Chini ya hofu yake kuna jambo la haki kabisa: mtu aliyeandikwa mwilini na mwenye nguvu kuliko yeye si mtu huru. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, na halihitaji unabii wowote.

Wa kwanza kujulikana sana kwa jambo hili alikuwa Kevin Warwick, profesa wa Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza, ambaye mwaka 1998 aliwekwa chipu mkononi kwa siku chache, milango ya idara yake ikawa inafunguka na taa kuwaka alipopita. Huyo alikuwa mtafiti aliyejijaribia mwili wake mwenyewe, na sina neno naye. Jambo lilibadilika sura lilipoingia kati ya mwajiri na mwajiriwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Cincinnati, Marekani, iitwayo CityWatcher.com, iliwatia wafanyakazi wawili chipu za VeriChip ili waweze kuingia katika chumba cha kuhifadhia picha za kamera. Mwaka huohuo mtaalamu mmoja huko Marekani alionyesha kwamba namba ya chipu ya aina hiyo inaweza kunakiliwa, ikatumiwa na mtu mwingine. Kadi ikinakiliwa hutupwa ukapewa mpya. Mkono ukinakiliwa utafanyaje?

Huko uliko, jengo la Epicenter la Stockholm lilianza kuwapa chipu watu wanaofanya kazi humo mwaka 2015, na kufikia mwaka 2017 walionazo walikuwa kama 150. Kisha tarehe 1 Agosti 2017, katika mji mdogo wa River Falls, jimbo la Wisconsin, kampuni ya Three Square Market iliandaa sherehe kabisa, na wafanyakazi zaidi ya 40 wakanyoosha mikono mbele ya waandishi wa habari. Chipu moja iligharimu dola 300 na kampuni ndiyo iliyolipa. Ajabu yake ni kwamba jimbo hilohilo la Wisconsin ndilo lililotangulia majimbo yote ya Marekani kupiga marufuku kumlazimisha mtu kuwekewa chipu, kwa sheria ya mwaka 2006 yenye faini ya hadi dola 10,000 kwa kila siku ya kosa. Sheria haikuvunjwa, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa. Lakini mtu aliyeajiriwa anapoombwa na mwenye kumlipa, wenzake wakimtazama na kamera zikiwaka, neno hilo kulazimishwa lina maana gani hasa? Uingereza ilipofikia mjadala huohuo mwaka 2018, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, lilisema kwamba chipu zingewapa wakubwa nguvu zaidi juu ya watu wao, na hata CBI, ambacho ni chama cha waajiri wenyewe, hakikuonyesha kufurahishwa.

Sasa nije nyumbani kwetu, kwa sababu hofu ya ndugu zako haikuanzia Sweden.

Babu yako alipotimiza miaka 16 alipewa kipande. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wote Waafrika waliofikia umri huo kukibeba, kuanzia mwaka 1920 hivi, na kilikuwa karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa, imekunjwa ndani ya kisanduku cha bati kinachoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wazee wetu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachia huwezi kuajiriwa kwingine. Ukitoroka, alama za vidole vyako zinakutafuta hadi shamba la mbali. Ukikutwa barabarani bila kipande, unalala ndani. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliosimama kukipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Kipande kiliendelea kwa miaka mingine 25.

Babu yako hakujua kusoma. Alibeba kifuani maandishi yaliyomhusu yeye, na kila mzungu aliyemfungulia kile kisanduku alijua zaidi juu ya maisha yake ya kazi kuliko alivyoweza kuyathibitisha mwenyewe. Mimi nilizaliwa kipande kikiwa kimeshaondolewa, lakini nilikiona kwa namna yangu: miaka mingi baada ya uhuru, kila askari alipopita njiani, mkono wa kulia wa baba yangu ulipanda wenyewe hadi kifuani, vidole vikatafuta kamba isiyokuwapo, kisha akaushusha polepole na kuendelea na mazungumzo. Nilipomuuliza, aliniambia jambo moja ambalo nimelikumbuka sana tangu barua yako ilipofika. Alisema kwamba kila usiku alikivua kipande na kukitundika kwenye msumari ukutani kabla ya kulala, na kwamba saa zile ndizo alizojihesabu kuwa mtu.

Najua utaniambia kwamba mambo hayalingani, na ni kweli hayalingani. Kile kilikuwa cha lazima, cha kibaguzi, na nyuma yake kulikuwa na jela. Hiki chako ni ombi la watu wastaarabu wanaokupa mshahara mzuri na likizo. Chipu hiyo pia unaweza kuisoma mwenyewe kwa simu yako. Usichoweza kukisoma ni daftari lililo upande wa pili wa mlango, ambako kila mlango uliofungua, dakika uliyoufungua na kikombe ulichonunua vinaweza kuandikwa na kutunzwa. Na hilo daftari ndilo ninalolifahamu, kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini kulitunza ndiko kulikokulea wewe.

Ulikuwa shule ya upili nilipokuwa karani wa saa katika shamba la maua, na shamba lenyewe sitalitaja. Zamani nilikuwa na daftari la mahudhurio na kalamu. Kisha ikaletwa mashine ya kidole, tukaambiwa kwamba ni ya langoni tu, ya kuingia na kutoka, ili watu wasiandikiwe siku ambazo hawakufanya kazi. Meneja alitutangazia kwamba asiyetaka aende ofisini kwake ajiandikishe. Hakuna hata mmoja aliyekwenda. Nilisimama pale langoni nikiwatazama nyuso, na ninaweza kukuambia kwamba kimya kile hakikuwa ridhaa. Kila mmoja alikuwa akihesabu karo na unga.

Mikono ya wakata maua huisha, mwanangu. Miiba na dawa hula ngozi ya vidole hadi mistari yake inapotea. Palikuwa na mama mmoja wa umri wangu ambaye mashine ilimkataa karibu kila asubuhi. Alikuwa akikipangusa kidole kwa pindo la leso, akikitia mate, akikibonyeza, taa nyekundu. Anakipangusa tena, taa nyekundu. Foleni nyuma yake ikianza kunung'unika na saa ikisogea. Nilimwona kwa macho yangu akiwa amefika saa kumi na mbili na robo, na mwisho wa mwezi karatasi ikaonyesha kwamba alikosa siku nne. Nilipeleka daftari langu la kalamu ambalo bado niliendelea kuliandika kwa siri. Nikaambiwa mashine haina upendeleo. Hakulipwa siku zile. Mwaka uliofuata mashine ya pili iliwekwa kwenye njia ya kwenda vyooni, na hakuna aliyekumbuka kwamba tuliambiwa ni ya langoni tu.

Ndiyo maana siulizi chipu yako inaweza kufanya nini leo. Nauliza itaongezewa kazi gani kesho, na siku hiyo wewe utakuwa na nini mkononi mwako cha kurudisha. Kadi unaivua shingoni jioni, unaiacha kwenye droo, unaenda zako. Ukiacha kazi unaiweka mezani kwa mtu wa mapokezi na biashara imekwisha. Chipu unalala nayo, unaoga nayo, unamnyonyesha mtoto nayo Mungu akikujalia, na siku ya kuachishwa kazi unatoka langoni nayo, mpaka umtafute mhudumu wa afya akuchane ngozi na kuitoa. Wanasema ni jambo dogo, na huenda kwa ngozi ni dogo.

Huko kwenu mna kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018. Imeandikwa humo kwamba ridhaa ya mtu ni lazima iwe ya hiari ya kweli, kwamba haiaminiki kwa urahisi pale ambapo mmoja ana nguvu nyingi juu ya mwingine, na kwamba kuiondoa ridhaa kunapaswa kuwa rahisi kama ilivyokuwa kuitoa. Waliotunga walikuwa wakifikiria data, hawakuwa wakifikiria nyama, lakini nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho nikawaza sindano ya sekunde moja na wembe wa kuitolea.

Kwa hiyo usiwajibu kwa hasira, wala usiwaambie habari za mnyama wa Ufunuo, maana watatabasamu na mazungumzo yatakwisha. Waandikie kwa adabu kwamba unashukuru na utaendelea kutumia kadi. Uliza kama kadi itabaki kufungua kila mlango ambao chipu inafungua, na kwa muda gani wameahidi hivyo. Uliza kumbukumbu za milango hutunzwa kwa siku ngapi, nani anazifungua, na kama zimewahi kutumiwa kupima bidii ya mtu. Uliza pia kwamba mfanyakazi mwenye chipu akiachishwa kazi, ni nani atakayeitoa, kwa gharama ya nani, na namba yake itafutwa lini. Waombe majibu kwa maandishi, kisha nitumie nakala.

Nimemsomea shangazi yako barua hii yote. Kuhusu chapa hatujakubaliana, lakini swali la siku ya mwisho ya kazi alinitaka nilisome tena, na anangoja kama ninavyongoja mimi kusikia watakalokujibu.

Ni mimi baba yako.