Usimpe mbwa dawa ya nne kabla ya kipimo

Pole sana mkuu. Yani mbwa ana vipele vya usaha tumboni, kashapigwa antibayotiki raundi 3, akimaliza dozi tu vinarudi, na sasa unaambiwa ubadilishe tena dawa. Wangu alipitia hayohayo, nakuomba kwanza mwambie daktari wa mifugo unataka usaha uoteshwe maabara waone dawa gani inaua hao bakteria.

Sampuli ndo kila kitu. Usimuogeshe na dawa kabla, andika dawa zote alizotumia na tarehe. Daktari atafute kipele ambacho hakijapasuka, akitoboe kwa sindano safi achovye kijiti cha pamba, kama hakipo anyanyue ukoko achukue chini yake. Majibu ni siku kadhaa, vumilia. Kwenye fomu angalia Staphylococcus pseudintermedius, huyo ndo husumbua sana ngozi za mbwa, halafu shuka mstari wa oksasilini (antibayotiki ya kupimia usugu), ukikuta R, yaani bakteria ni sugu, basi amoksilini, sefaleksini na ndugu zao zote achana nazo. Na uliza kama wametumia oksasilini kweli maana sefoksitini, dawa nyingine ya kupimia, kwa bakteria huyu huwa inadanganya.

Ukishatoa sampuli muulize kuhusu shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi), povu likae dakika 10 ndo usuuze, wangu ilimsaidia mno. Akwanguliwe pia ngozi kuangalia ukurutu, na viroboto visisahaulike. Nawa mikono, mwenye kidonda asimshike. Akigoma kula au akichemka mwili, mpeleke siku hiyohiyo.