Maswali ya Wasomaji: Kuwinda kwa miguu, turubai linatosha kulalia?

SWALI: Habari kaka, mi ni msomaji wenu wa hapa Moshi. Mwezi wa nane naenda kuwinda na mjomba upande wa Longido, vibali tunavyo na askari wa wanyamapori tutakuwa naye, gari tunaliacha tunatembea na mabegi mgongoni na kulala huko huko. Hema nililonalo ni lile la wagumu (wapagazi) wa Kili, kilo nne na ushee, linanimaliza mgongo. Nimeona video za Wamarekani wanalala chini ya turubai tu wamelisimamisha na fimbo, halifiki hata kilo. Na mimi nifanye hivyo?

JIBU: Turubai hapana kaka. Wale jamaa wanapandisha milima ya baridi kali ndo maana wanahesabu gramu, wengine hema lao halina hata sakafu ili waweke kajiko ka kuni humo ndani. Huko unakoenda wewe mwezi wa nane mvua ni ya kubahatisha, kinachokusumbua usiku ni nge, nyoka, siafu na fisi anayepita kunusanusa, sasa turubai lililo wazi pande zote litamzuia nani hapo?

Tafuta hema la tabaka mbili, ndani neti yenye sakafu yake na zipu inayofunga mpaka mwisho, juu kitambaa cha mvua. La mtu mmoja linacheza kwenye kilo moja na nusu, la wawili kama mbili hivi, na mkilala humo na mjomba (kama hakoromi) mnagawana, wewe unabeba nguzo, vigingi na kitambaa cha mvua yeye neti na sakafu yake, kila mtu kama kilo moja, umeshawafikia hao Wamarekani wako.

Yapo yanayosimamia fimbo za kutembelea, mepesi kweli, ila bila vigingi hayasimami na kule sehemu nyingine ni vumbi tupu sehemu nyingine jiwe, upepo ukianza saa nane za usiku kigingi kinang'oka mnaamka limewalalia. Chukua linalosimama lenyewe, weka mawe kwenye kona, chini tandika nailoni ngumu maana miiba ya migunga haina adabu. Na nyama isilale humo wala jirani na humo.

La dukani bei imechangamka, kwa hiyo pitia kwanza mitumba na wanaokodisha vifaa vya mlima. Ligeuze, pitisha kiganja kwenye sakafu upande wa ndani: ikinata, ikimwaga magamba meupe au ikitoa harufu ya uchachu, ile plastiki ya kuzuia maji imekufa, achana nalo hata kama unapewa bure. Ila zipu kuachia meno isikutishe, mara nyingi ni kile kichwa chake kimelegea, unakibana taratibu na koleo pande zote mbili inakamata tena. Hilo usimwambie muuzaji mpaka ashushe bei.