Kuisoma Kinga ya Mwili Nyuma ya Majibu ya Kifua Kikuu

Wenzangu mnaoanza kazi katika kliniki na maabara za kifua kikuu, ningependa mlifahamu mapema jambo hili: dalili na vipimo vingi vya ugonjwa huu vinaeleza hali ya kinga ya mgonjwa, wala si wingi wa bakteria peke yake.

Bakteria wakivutwa pamoja na hewa hufika ndani kabisa ya mapafu, ambako humezwa na makrofaji, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vimelea na kuwaua. Bakteria hawa, hata hivyo, hukizuia kifuko walimomezwa kisipate asidi na vimeng'enya vya kuwaangamiza, wakaendelea kuzaliana humohumo, polepole, wakigawanyika takribani mara moja kwa siku. Mwili nao huwazingira: seli za ulinzi hujikusanya na kuunda granuloma, yaani kifundo cha seli kinachowafungia bakteria, huku seli za CD4, chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga na ambazo VVU huziharibu, zikitoa intaferoni gama, protini ya kupeleka ishara inayozipa makrofaji nguvu ya kuua. Wengi walioambukizwa huishi hivyo bila kuugua kamwe. Mzingiro ukishindwa, katikati ya granuloma hufa na kulainika kama maziwa ya mgando, kisha humwagikia kwenye njia ya hewa na kuacha tundu lililojaa bakteria. Tundu tunaloliona kwenye eksirei, kwa sehemu kubwa, limechimbwa na kinga yenyewe.

Sasa mfikirieni mgonjwa wa VVU ambaye CD4 zake zimeshuka sana. Hawezi kuunda granuloma imara, kwa hiyo mara nyingi hana tundu. Makohozi yake hayana maelfu ya bakteria kwa mililita ambayo hadubini inayahitaji. Eksirei yake huweza kuonekana safi, na sehemu iliyodungwa kwa kipimo cha ngozi isivimbe, kwa kuwa uvimbe ule hutengenezwa na seli zilezile zilizopungua. Wakati huohuo bakteria wanasambaa kwenye damu, ini na tezi. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kinachotafuta LAM, kipande cha ukuta wa bakteria, hunasa wagonjwa wengi zaidi kadiri CD4 zinavyopungua. Tafadhalini, msimrudishe nyumbani mtu wa namna hiyo kwa jibu hasi moja la hadubini. Mpimeni uzito, mshikeni shingo kutafuta tezi, ombeni kipimo cha vinasaba.

Hali hugeuka anapoanza ARV, dawa za kudhibiti VVU, akiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Baada ya wiki chache homa hurudi na tezi huvimba, na ndugu zake huja wakiamini kwamba dawa zinamuua. Chunguzeni kwanza kama anameza dawa ipasavyo na kama bakteria wamekuwa sugu. Visipoonekana hivyo, yaelekea ni kinga iliyorejea na kuwashambulia bakteria ambao awali haikuweza kuwashughulikia, na dawa kwa kawaida huendelea. Tofauti kubwa ni kwa mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo: huyo huanzishiwa ARV baada ya angalau wiki 4 za matibabu, kwa sababu ndani ya fuvu uvimbe hauna pa kwenda.